Angalizo lisilotimia si uongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nina mtumbwi mmoja wa dagaa hapa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, na vijana watano wanaoufanyia kazi. Kabla ya uvuvi nilifundisha hesabu shule ya msingi, kwa hiyo mnisamehe nikirudi ubaoni.

Msimu wa vuli uliopita Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa ziwani. Nikawaambia vijana leo hatutoki. Majirani wakatoka. Usiku ule ziwa lilitulia kama maji ya mtungi. Alfajiri nikasimama mwaloni nikiwatazama wenzangu wakishusha ndoo baada ya ndoo, akina mama wakigombea, na mtumbwi wangu umelala mchangani, taa ziko ndani ya gunia. Nahodha wangu hakusema kitu. Alichukua kijiti akawa anakwangua magamba yaliyokaukia kwenye ubao, polepole, kama ndiyo kazi aliyoitiwa. Wiki ile ile likatoka angalizo lingine, tukabaki, hola. Lilipotoka la tatu nikawaruhusu.

Najua msomaji anangoja nimwambie walizama. Hawakuzama. Walirudi na ndoo ishirini na kitu, nami sikupata usingizi hadi niliposikia mlio wa injini.

Tangu hapo mwaloni wimbo ni mmoja: "Hao wa hali ya hewa waongo." Mimi nakataa. Ziwa letu lina tabia yake. Mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu. Usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, upepo unageuka na kuingia ziwani kutoka pande zote. Ukikutana huko katikati, hewa inapanda na kujenga mawingu ya radi, usiku wa manane kuelekea alfajiri, saa zile zile taa zetu zinawaka. Mtabiri anaweza kuona kwamba usiku wa leo hali imeiva. Kukuambia kama itapiga kisiwa cha Ukara au cha Kome, au itapita bila kugusa mtu, hapo ni kazi nyingine.

Sasa hesabu. Tukitoa siku za mbalamwezi, ambapo taa zetu hazivuti dagaa, mvuvi wa dagaa anaweza kulala majini usiku 200 kwa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, kila usiku hatari ya kukutwa na dhoruba mbaya ni moja kwa elfu. Nani ataogopa moja kwa elfu? Lakini miaka 20 ni usiku 4,000, na nafasi ya kuupita wote salama haifiki 2 kwa 100. Kwa usiku mmoja ni jambo la nadra. Kwa maisha ya mvuvi, si nadra tena.

(Yapo pia tunayoyaita bahati mbaya wakati bahati haihusiki. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni 228. Pale hakuhitajika mtabiri, alihitajika mtu wa kuhesabu vichwa getini.)

Lakini linaloninyima raha zaidi ni hili: anayeamua mtumbwi utoke ni mimi, na mimi nalala kitandani. Kijana analipwa kwa kilichovuliwa. Nikimzuia, hasara ya usiku ule inaingia tumboni mwake; mimi nina kiduka. Ndiyo maana hata akisikia angalizo yeye mwenyewe ndiye atakayenisihi atoke. Siku hizi usiku wa angalizo natoa elfu tano kwa kila mmoja, ya chakula. Matajiri wenzangu, yaani wenye mitumbwi, wananicheka, eti nimefungua ofisi ya ustawi wa jamii. Wacheke, ila peke yangu sifiki mbali: vijana wawili wamekwisha kuhamia mitumbwi inayotoka kila siku, na siwalaumu. Mwalo mzima ukikubaliana kwamba likitoka angalizo hakuna mtumbwi unaotoka, na kila tajiri anatoa posho ya chakula, hakuna atakayemzidi mwenzake. Nimelipeleka mara mbili kwa viongozi wetu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Wameniambia litaingia kwenye kikao kijacho.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Chapisha kila siku utabiri wa Ziwa Victoria kwa herufi kubwa, na chini yake uandike utabiri wa jana ulisema nini na ziwa lilifanya nini. Ukitimia andika umetimia, usipotimia andika haukutimia. Mimi nitaukata ukurasa huo niubandike kwenye banda la kupimia dagaa, watu wahesabu wenyewe.

Mwenye mtumbwi,
Igombe, Mwanza