Ukuta wa mtambo nao uandikwe

Mhariri,

Toleo lenu la Jumapili lilieleza mitambo inayozalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomu, na nafasi kubwa ikaenda kwenye nyuzijoto milioni 150 za plazma, yaani gesi yenye joto kali ambamo viini hivyo huungana. Ukuta unaoizunguka plazma hiyo haukupata hata sentensi moja. Mimi nafundisha uchomeleaji katika chuo cha ufundi hapa Mwanza, na naamini kazi ngumu iko huko ukutani.

Chukueni mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa. Sumaku huizuia plazma isiguse ukuta, lakini chini kuna sehemu iitwayo daivata, inayopokea mabaki ya heli na joto linalotoka. Itakuwa na vipande 54, kila kimoja cha takriban tani 10. Uso wake unatakiwa kuvumilia megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na 20 kwa vipindi vifupi. Jua la saa sita mchana hapa kwetu ni kama kilowati moja kwa eneo hilohilo. Pale ni majua elfu 10.

Uso huo ni wa metali iitwayo tungsteni. Wanafunzi wangu wanaijua: ndiyo kijiti tunachotumia kuchomelea kwa gesi ya argoni. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 3,422, lakini kijiti kikidondoka sakafuni kinaweza kuvunjika kama chaki, na kuichonga tungsteni kunamaliza vifaa. Kwa hiyo hawatengenezi bamba moja kubwa. Wanatengeneza vitofali vyenye upana wa milimita 28 hivi, kila kimoja na tundu katikati, wanavipanga kwenye bomba la aloi ya shaba, kromi na zirkoni, na ndani ya bomba wanapitisha maji yenye shinikizo.

Mimi hapo kwenye kiungo cha tungsteni na bomba la shaba ndipo naposimama. Shaba ikipata joto hutanuka karibu mara nne kuliko tungsteni. Ukizifunga moja kwa moja zitavutana mpaka kiungo kiachie. Kwa hiyo katikati huwekwa tabaka jembamba la shaba safi, ambayo ni laini na hufuata mvutano huo. Kisha sampuli hupigwa kwa mwali wa elektroni, joto likija na kuondoka: mizunguko 5,000 kwa megawati 10, halafu 300 kwa megawati 20. Kiungo kikiachia, joto halifiki tena kwenye maji, na kitofali huanza kuyeyuka. Fundi yeyote aliyewahi kuona kiungo kizuri kwa macho kikafa kwenye majaribio anaelewa uzito wa namba hizo.

Tarehe 12 Februari 2025 mtambo wa WEST, jirani na ITER, ulidumisha plazma kwa sekunde 1,337 juu ya daivata ya vitofali vya aina hii. Na tungsteni si kitu cha mbali: mgodi wa Nyakabingo, Rwanda, huchimba mawe yake.

Naomba mwandike habari nyingine, ihusu viungo. Kijana wa mwaka wa pili akisoma kwamba nishati hii ni ya maprofesa wa fizikia peke yao, hatatafuta mlango wa kuingilia, ilhali kuna kazi ya kupima nyufa, kusafisha nyuso na kuunganisha metali zisizopatana. Mwandishi wenu akipenda kushika kijiti cha tungsteni mkononi na kukiona kikivunjika, karakana yetu iko wazi siku za kazi. Aje na viatu vya kufunika vidole.

Mwalimu wa uchomeleaji,
Mwanza