Msomee Bibi, Usiruke Neno

London, usiku wa Ijumaa

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayonitesa. Barua hii ni ya Bibi. Kazi yako kumsomea, tena kwa sauti, na usiruke neno.

Bibi, shikamoo. Umeuliza hiyo lugha ya kale ya Kiakadi ninayosomea nitaizungumza na nani, na wenyewe wamekwisha kufa. Kweli wamekufa. Walikuwa huko Iraki, wakiandika kwa kubonyeza ncha ya tete kwenye udongo mbichi, alama zenye umbo la kabari. Lakini barua zao zipo, na huanza hivi: "Mwambie fulani: fulani asema hivi." Anayeambiwa "mwambie" ni yule msomaji, maana wengi hawakujua kusoma. Basi ndivyo tulivyo sisi watatu usiku huu.

Moja imo hapa British Museum, ya kama mwaka 1750 kabla ya Kristo, inaenea kiganjani. Nanni anamlalamikia Ea-nasir, mfanyabiashara wa mji wa Uru: fedha zangu umezishika, shaba uliyomwonesha mjumbe wangu ni mbovu, na mjumbe mwenyewe umemdharau! Wanichukulia mimi nani? Anamaliza kwa kusema kuwa kuanzia sasa shaba ataichagua mwenyewe, kipande kipande, uani kwake. Hapo nilicheka peke yangu. Nilikuona wewe juu ya jamvi, unachambua makonyo kwenye karafuu, huku ukimsema yule mchuuzi na pishi yake isiyotimia.

Usidhani nasoma kama gazeti. Alama ni mamia, na moja yaweza kusomeka kwa njia nne au tano. Mistari mitano hunila wiki. Ila saba kwao ni *sebe*, na tisa ni *tishe*. Lugha yao ni ndugu wa Kiarabu, nasi tarakimu hizo tulizitoa kwa Waarabu. Kwa hiyo ukihesabu pishi zako, Kiakadi unakigusa bila kwenda chuo.

Sasa ombi. Nasikia mnataka kuyachoma makaratasi ya Babu yaliyomo kashani, yale ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa ajili ya mchwa. Tafadhalini, msiyachome. Mji wao wa Ninawi ulipoteketezwa mwaka 612 kabla ya Kristo, vibao vya udongo viliokwa na moto, vikazidi kukaza. Karatasi za Babu hazina bahati hiyo. Zianikeni kivulini, zifungeni kwenye kanga kavu, nikija msimu wa karafuu nitakusomea mimi.

Mjukuu wako