Barua kwa Mwanangu: Sayari Mbili za Le Verrier

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza, kama mimi hudai ushahidi kwa kila jambo, mbona sijawahi kuudai kuhusu mapenzi ya mama yako kwangu. Nilicheka, na sasa nakiri kwamba swali lako lilistahili zaidi ya kicheko.

Niruhusu nianzie mbali. Katika miaka ya 1840 wataalamu wa falaki walijua kwamba sayari ya Uranusi haifuati sawasawa njia iliyokokotolewa kwa kanuni za mvutano za Newton. Mfaransa Urbain Le Verrier alidai kwamba inavutwa na sayari nyingine isiyojulikana, akakokotoa mahali ilipo, akamwandikia Johann Galle huko Berlin, naye usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 akaelekeza darubini na kuikuta Neptuni, umbali usiofika digrii moja kutoka pale palipotajwa. Wengi hukikatisha kisa hapo, kikabaki kuwa sifa za mtu mwenye akili nyingi.

Mimi huvutiwa zaidi na yaliyofuata. Mwaka 1859 Le Verrier alionyesha kwamba Utaridi nayo ina hitilafu katika njia yake, akarudia hoja ile ile: inavutwa na sayari nyingine isiyojulikana, iliyo karibu na Jua kuliko Utaridi yenyewe. Ilipewa jina la Vulcan, na wapo walioapa kwamba wameiona, lakini kila ilipotafutwa kwa makini haikuthibitika. Le Verrier alifariki mwaka 1877 akiwa bado anaiamini. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba hitilafu ile, sekunde 43 tu za pembe kwa karne (digrii moja ina sekunde 3,600), haikuhitaji sayari yoyote. Kilichohitaji kurekebishwa ni kanuni yenyewe ya mvutano.

Kwa maoni yangu madai yote mawili yalikuwa ya kisayansi, hata lile la uongo, kwa sababu kila moja lilisema pa kutazama na hivyo likajiweka hatarini. Mnajimu anayekuambia kwamba wiki hii utapokea habari nzito hajiweki hatarini kamwe, maana habari yoyote itakayokuja itamthibitisha. Kuhusu lini Le Verrier alipaswa kukata tamaa, sina kipimo cha kukupa. Mtu aliyepata Neptuni kwa hoja ile alikuwa na haki ya kuing'ang'ania kwa muda.

Basi, mama yako. Ushahidi ninao, wa miaka mingi, ingawa haupimiki kwa mizani, na matendo yake yangeweza kunikanusha. Zaidi ya hayo, imani yangu hiyo haimgharimu mtu mwingine chochote. Lakini nikitangaza kwamba mzizi fulani unaponya, na mgonjwa akaacha dawa zake kwa kuniamini, deni la ushahidi ni langu, tena nilipaswa kulilipa kabla sijafungua mdomo.

Dai lako kwamba mwezi mpevu hukunyima usingizi ni la aina ya Vulcan, yaani linaweza kupimwa na likashindwa, nami sikulidharau. Andika kwanza matokeo yatakayokufanya uliache. Kisha, kwa miezi mitatu, andika kila asubuhi saa ulizolala, bila kuangalia kalenda ya mwezi, uniletee daftari tulisome pamoja.

Ni mimi baba yako.