Umma Ni Yule Aliyesimama Juani: Barua kwa Vijana wa Mafunzo ya Uhusiano na Umma, Arusha na Moshi

Wanangu,

Marahaba. Najua mngeniamkia kama tungekutana ana kwa ana, kwa hiyo naanza na jibu.

Msimu huu wa Nane Nane nimewaona wengi pale viwanja vya Themi, Njiro. Mmevaa fulana za taasisi zenu, vitambulisho shingoni, mnakimbia na makaratasi kwenye manyunyu ya asubuhi huku mafundi wakiwa bado wanakaza kamba za hema. Moyo wangu ulifurahi. Niliona pia jambo moja lililonirudisha mbali sana, na ndilo lililonifanya nikae niwaandikie. Kijana mmoja alikuwa amesimama mbele ya kikundi cha ngoma cha akina mama, akawaambia: "Vumilieni kidogo, mgeni rasmi yuko njiani." Mama mmoja akamuuliza amefika wapi. Kijana akatabasamu tu.

Mimi nilianza kama nyinyi, mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, mwaka 1988, katika taasisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Kulikuwa na uzinduzi katika uwanja wa wazi hapa Arusha, mwezi Februari, wakati jua letu linachoma kweli. Kwaya ya watoto wa shule ya msingi ilipangwa mistari miwili tangu saa 2 asubuhi. Mgeni rasmi alitarajiwa saa 4, akitokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: kaa na watoto, wasisogee.

Saa 4 ilipopita mwalimu wao aliniuliza. Nikaenda kwa msimamizi wangu, akaniambia waambie yuko njiani. Nikawaambia. Saa 5 mwalimu akauliza tena, nikajibu vilevile, safari hii bila hata kwenda kuuliza. Saa 6 nikarudia. Ukweli ni kwamba hakuna mtu pale uwanjani aliyejua kama ndege imetua au haijatua. Zama zile hazikuwa za simu za mkononi, na simu ya mezani ilikuwa ofisini, mbali na uwanja.

Saa 6 na robo msichana wa mstari wa mbele alianguka. Hakulia wala hakushika kichwa, alikwenda chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Mwalimu alimbeba hadi chini ya mjakaranda, akamfungua kola, kisha akaniangalia na kusema, "Dada, ulisema yuko njiani."

Maji yalikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwenye meza kuu kulikuwa na majagi mawili na kreti za soda, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe, na mimi sikuthubutu kuvigusa kwa sababu ni vya wageni. Mwalimu alituma mtoto mwingine akaombe maji nyumba ya jirani.

Mgeni alifika saa 7 kasoro. Watoto waliimba vizuri sana, yule msichana akiwa bado amelala chini ya mti. Kesho yake gazeti liliandika kwamba shughuli ilifana, na mimi nikaandika neno hilohilo katika kitabu changu cha kumbukumbu. Msimamizi akasaini.

Wanangu, kazi yetu inaitwa uhusiano na umma. Chuoni nilifundishwa umma kama kitu kikubwa kilicho mbali: wasomaji wa magazeti, wasikilizaji wa redio, wananchi kwa ujumla. Siku ile umma ulikuwa hatua tatu kutoka nilipo, una umri wa miaka kumi, umesimama juani. Na mimi niliyekuwa mdomo wa taasisi niliuambia jambo nisilolijua.

Kwa hiyo nawaomba, neno "yuko njiani" mliache kabisa mpaka mtakapokuwa na uhakika nalo. Semeni: "Bado hatujapata taarifa. Saa 4 na nusu nitarudi hapa kuwaeleza tulipofikia." Halafu, hapa ndipo wengi wanapoanguka, saa 4 na nusu urudi kweli, hata kama huna jipya. Watu wetu ni wavumilivu mno. Wanaweza kusubiri saa tatu wakiwa wamekaa, wamekunywa maji na wameelezwa. Kinachowachosha ni kufanywa watoto.

Najua mtasema: sisi ni wa fildi, nani atatusikiliza? Ni kweli, huwezi kubishana na bosi mbele ya wageni, na wala sikufundishi hivyo. Nenda kando yake, kwa adabu, ukiwa tayari umeshatafuta njia: "Mama, hema la pembeni liko wazi. Naomba niwakalishe watoto pale, nitawarudisha kwenye mstari msafara ukifika getini." Sijawahi kuona msimamizi akikataa ombi la namna hiyo, na nimekuwa msimamizi kwa miaka mingi. Tunachokosa siku ya shughuli ni mtu wa kutuonyesha tulichosahau.

Hesabu ya safari jifunzeni wenyewe. KIA iko kama kilomita 50 kutoka Arusha mjini, nayo barabara ya Moshi ina malori, vituo vya ukaguzi na foleni ya kuingia mjini. Ndege kutua saa 3 hakumfikishi mgeni ukumbini saa 4. Kuna kupokewa, kuna mizigo, kuna chai ya kukaribishwa ambayo hakuna anayeiandika kwenye ratiba. Tafuteni namba ya dereva wa msafara. Katibu muhtasi aliye ofisini anajua mgeni alipangiwa kufika lini, lakini dereva anajua yuko wapi.

Na saa zenyewe ziangalieni. Lugha yetu huhesabu saa kuanzia mapambazuko, Kiingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Niliwahi kuona kadi iliyotafsiriwa na kijana wa mafunzo, saa 3 ya asubuhi ikabaki 3 kwenye upande wa Kiingereza. Mgeni kutoka nje alifika saa 9 alasiri akiwa na suti yake na hotuba yake, akakuta viti vinakunjwa. Mahali nako ni hivyohivyo. Ukiandika "tukutane Kilimanjaro" kwa shughuli iliyo AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha hapa Arusha, kumbuka jengo lile lina mabawa matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na mgeni asiyejua hilo anaweza kudhani anaitwa mlimani. Andika bawa, ghorofa na jina la ukumbi. Kisha mpe kadi mtu ambaye hajawahi kufika pale, aisome mbele yako akuelekeze.

Umeme sitausemea sana. Jenereta ijaribiwe jana yake ikiwa imebeba mzigo wote, spika na taa pamoja, na jina la fundi mitambo mlijue kabla hamjamhitaji.

Kuhusu waandishi wa habari na bahasha, wazee wenzangu hatukubaliani. Mimi msimamo wangu ni huu: mpeni mwandishi usafiri kama shughuli iko mbali, mpeni chakula walichokula wengine, mpeni taarifa iliyoandikwa vizuri yenye majina sahihi na mtu wa kumhoji. Fedha ya kumfanya aandike kwamba shughuli ilifana, hapana. Nimewaeleza hapo juu neno hilo liliwahi kuficha nini.

Kuna hili la picha, nalo enzi zetu hatukulijali. Tulimpiga picha mzee wa Kimaasai aliyekaa mstari wa mbele bila hata kumsalimu, kisha tukamweka kwenye kalenda ya mwaka. Leo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ile karatasi ya mahudhurio yenye majina na namba za simu, mnayoiacha mezani ukumbi ukishafungwa, ni mali ya watu, ikusanyeni. Picha ya mtoto, muulizeni mzazi au mwalimu. Na mzee, hata kama sheria isingekuwepo, msalimuni kwanza, mwelezeni picha inakwenda wapi, msubiri jibu lake.

Nyinyi wa Moshi, mkipangiwa Kilimanjaro Marathon, ninyi mna bahati. Mbio zile zimekuwepo tangu 2003, na pale uwanja wa Ushirika mtajifunza kwa siku moja mambo ya muhula mzima. Wengi wenu mtakimbilia pale washindi wanapopigwa picha, nanyi nendeni, ni kazi yenu. Lakini bakini. Baadaye, hotuba zikiwa zimekwisha na vijana wa mabango wameshaanza kufungua kamba, bado kuna watu wanaingia kutoka barabarani, miguu imewaisha, nao wamemaliza kilomita zilezile 42. Mtu wa uhusiano awepo pale, ana maji mkononi, anamuuliza mtu jina lake.

Ijumaa hii mtakaa kujaza vitabu vyenu vya kumbukumbu. Msiandike kwamba shughuli ilifana. Andikeni mgeni alitarajiwa saa ngapi na alifika saa ngapi. Andikeni nani alisubiri, alisubiri wapi, kama palikuwa na kivuli, maji yalikuwa umbali gani, na mlimwambia nini alipouliza. Msimamizi akisita kusaini, mwonyesheni barua hii.

Mama yenu,
Afisa uhusiano mstaafu,
Sakina, Arusha