Barua kwa madereva wa malori, njia ya Tunduma

Wanangu madereva, na nyie utingo mnaosubiri zamu ya usukani,

Mwezi uliopita nilikaa kwenye msiba wa dereva wa miaka 44. Turubai zima lilikuwa na neno moja: "Lakini hakuwa anaumwa." Nikanyamaza, maana hata mimi sikuwa naumwa.

Mwaka 2011 nilikwenda zahanati kufungwa kidonda cha kidole. Nesi akanipima presha kwa mazoea tu: 178 kwa 104. Usiku wake nilikuwa nimeshuka mlima Kitonga na mzigo, napiga mluzi. Presha haina honi, wanangu. Mtu mzima anatakiwa awe chini ya 120 kwa 80. Ikijirudia 140 kwa 90, hiyo ni presha. Na msipimwe mkihema, sigara imezimwa mlangoni. Kaa kimya dakika 5, egemea, miguu chini, kibofu kitupu.

Najua mtasema: Mzee, muda wa mazoezi tutoe wapi? Nilisema hivyo hivyo, mpaka siku moja nikiwa kwenye foleni ya Tunduma nikapiga hesabu. Mizani ya Vigwaza, mizani ya Mpemba, kusubiri kupakia, kusubiri karatasi. Safari ile nilikuwa nimesubiri saa nyingi kuliko nilizoendesha, na zote nilizimaliza nimekaa, mguu mmoja juu ya dashibodi. Kazi yetu nusu yake ni kungoja. Hapo ndipo muda ulipo.

Basi utingo abaki na gari, wewe tembea mpaka kichwa cha foleni na kurudi. Mwendo uwe wa mtu anayemuwahi karani asifunge dirisha: kuongea unaweza, kuimba huwezi. Dakika 30 mara 5 kwa wiki ni 150, ndicho kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani, na unaweza kuzigawa kumi kumi. Mkiwa mbugani Mikumi msitembee. Mule wapo wenye mbio kuliko nyie.

Lipo na zoezi la pale pale. Egemeza mgongo ubavuni mwa tela, shuka taratibu kama unakalia kiti ambacho hakipo, ganda hapo. Mara ya kwanza nilifika sekunde 20, mapaja yakatetemeka, wauza karanga wakanikusanyikia. Baadaye nikafika dakika 2, napumzika, narudia mara 4, siku 3 kwa wiki. Usibane pumzi. Na kama namba ya juu ya presha, ile inayotajwa kwanza, imefika 180, usiguse zoezi hili wala mbio. Nenda kwa daktari kwanza. Kifua kikibana ukiwa unatembea, simama, tafuta msaada.

Sitawadanganya kuhusu faida yake. Kwa mwenye presha, kutembea kwa miezi kadhaa kunaweza kushusha namba ya juu kwa 5 hadi 8. Lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, ni mkaidi zaidi: mazoezi yanaongeza kidogo ile nzuri, lakini ile mbaya inashushwa hasa na sahani, na vidonge kwa wanaoandikiwa. Kwa hiyo supu ya kongoro yenye utando wa mafuta kila alfajiri, halafu chipsi mayai usiku, hakuna foleni ya kuyatembea hayo yakaisha. Maharage yapo kila kituo, mnayadharau kwa sababu mliyala shuleni. Nyuzi zake ndizo zinazosaidia kuiondoa lehemu tumboni. Wazaramo na Wadigo mnisamehe, ila tui zito la kila siku nalo lina mafuta yanayoipandisha.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Hapo hesabuni na ng'onda, vile vidonge vya kuungia mchuzi, na magadi ya kulainishia maharage, ambayo yana sodiamu kama chumvi. Nilipoacha kunyunyizia juu ya sahani, wiki mbili chakula kilikuwa kama karatasi. Kisha ulimi ukazoea.

Sasa vidonge. Mimi niliviacha, na sikuviacha kwa ubishi: vilikuwa vya kukojoza, na huwezi kusimamisha lori kila baada ya kilomita 20. Sikumwambia daktari, nikaona aibu. Miezi 8 baadaye naingia Makambako, mkono wa kushoto ukafa ganzi, mdomo ukapinda. Utingo ndiye aliyevuta breki. Mwambieni daktari kazi yenu ni usukani. Atabadili dawa au saa ya kumeza. Ni mazungumzo ya dakika 2.

Siku hizi natembea jioni kando ya barabara, Mlandizi, na fimbo. Mkinipita pigeni honi, lakini fupi. Ile ndefu ya upepo inanipandisha.

Mzee wenu wa usukani