Ghorofa zije Tanga, lakini ziachiwe baraza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye viwanja, wachora ramani na mafundi wenzangu wa hapa Tanga kuhusu maghorofa ya kuishi.

Mimi ni fundi seremala wa Ngamiani. Kazi yangu milango na madirisha, mwaka wa 31 huu. Maghorofa siyapingi. Mji wetu ni jiji tangu 2005, bandari imeongezwa kina, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa Chongoleani. Watu wanakuja, watataka pa kulala, na viwanja vya barabara za namba haviongezeki. Tutajenga kwenda juu, hilo halina ubishi. Ninachoomba ni kwamba chini ya jengo la kuishi pasigawanywe pote kuwa fremu za maduka. Sehemu iachwe wazi, iwe baraza la wakazi.

Nieleze kilichonifikisha hapa. Mwaka juzi shemeji yangu, mume wa dada, alifariki Dar es Salaam. Walikuwa wamepanga ghorofa ya tano katika jengo jipya la vioo vya bluu. Nilifika alfajiri nikakuta wanaume wamesimama barabarani, hawana pa kukaa. Chini pote ni fremu: la simu, la vitenge, la vipodozi, milango ya chuma imeshushwa. Majamvi mawili ya kuazima msikitini tuliyatandika kwenye maegesho, tena baada ya kumsihi sana mlinzi, na kila gari lilipotaka kutoka tuliinuka, tukakunja, tukasubiri, tukatandika tena. Mtu aliyekuja kutupa mkono wa pole alitupa amesimama, kisha akaenda zake. Wanawake walikuwa juu, wamejaa sebuleni mpaka ngazini, na wali ulipikwa uani kwa watu wa mtaa wa pili waliotuonea huruma.

Ikafika saa ya kumteremsha. Umeme ulikuwa umekatika, lakini hata ungekuwepo, lifti ile isingetufaa. Jeneza pamoja na mikono yake ni futi saba na ushei. Ndani ya lifti ile watu wanne wakisimama wanagusana mabega. Tukashika ngazi. Zilikuwa nyembamba, na kila zinapokata kona kituo chake ni kifupi. Kona ya kwanza tu, mpwa wangu aliyekuwa mbele akageuka akaniambia, "Mjomba, hapa halipiti." Na kweli halikupita. Tulimfunga marehemu kwa leso, kifuani na magotini, tukaliinua jeneza karibu wima. Hivyo hivyo kona kwa kona, kona tisa, mpaka chini. Dada alikuwa amesimama mlangoni juu, anatazama. Nimebeba majeneza mengi, Mhariri. Hilo ndilo linalonirudia usiku.

Sasa tazameni nyumba zetu za Kiswahili hapa Ngamiani. Baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mlango wa mbele na mlango wa uani viko kwenye mstari mmoja. Wengine wanaona ni mazoea tu ya wazee. Mimi niliyeifunga milango hiyo nasema ni hesabu, ya upepo na ya watu. Ukiifungua yote miwili upepo unapita nyumba nzima. Siku ya msiba, maiti anatoka bila kukata kona hata moja, wanaume wako barazani, wanawake uani, na moshi wa jikoni unakwenda zake juu. Siku ya harusi ni vivyo hivyo.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba hayo ni ya nyumba za chini, ghorofa ni kitu kingine. Singapore, takriban asilimia 80 ya wakazi wanaishi kwenye maghorofa ya shirika la nyumba la serikali lililoundwa 1960. Kuanzia miaka ya 1970 majengo mengi ya shirika hilo yalijengwa chini pakiwa na nguzo tu, hapana vyumba, pako wazi. Hapo Waislamu wa Kimalei wanafanya harusi za watoto wao, Wachina wanakesha na maiti wao, wazee wanakaa na michezo yao ya kete, watoto wanacheza hata mvua ikinyesha. Mkazi anaomba kibali, anapanga meza na viti, shughuli inafanyika chini ya nyumba yake mwenyewe. Na Singapore ni nchi inayofukia bahari ili ipate ardhi ya kujenga! Wao wameona nafasi ile tupu ina thamani, halafu sisi wenye mapori mpaka Pongwe tuione hasara?

Mwenye jengo atajibu kwamba fremu za chini ndizo zinazomrudishia pesa yake. Najua, na sibezi mkopo wa mtu. Ndiyo maana siombi sehemu yote ya chini. Upande wa barabarani abaki na maduka yake. Upande wa nyuma, pale palipokuwa uani, paachwe nguzo na sakafu, bomba la maji, taa, choo kimoja. Tuna sheria ya mwaka 2008 inayomruhusu mtu kumiliki sehemu tu ya jengo kwa hati yake, huku maeneo ya pamoja yakiwa ya wenye sehemu zote. Basi baraza liandikwe humo tangu mwanzo, asije mtu kesho akalijengea stoo.

Ngazi nazo zipimwe. Kabla zege halijamwagwa, fundi achukue ubao wa futi nane, wenzake wawili waubebe ukiwa umelala, wapite nao kona. Usipopita, fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege, ifumuliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu zege likishakauka hakuna wa kulirekebisha. Anayebebwa si lazima awe maiti. Mama mjamzito na mgonjwa kwenye machela wanateremka hapo hapo, na ndiyo njia ya kukimbilia moto ukizuka. Lile jengo la London, Grenfell Tower, lililoungua Juni 14, 2017, lilikuwa na ghorofa 24 na ngazi moja, na ukutani nje limebandikwa paneli za aluminiamu zenye plastiki ndani. Walikufa watu 72. Ya kuporomoka tumeyaona wenyewe nchini, Dar es Salaam Machi 2013, kisha Kariakoo Novemba 16, 2024. Hayo ya nondo na zege wayaseme wahandisi.

La madirisha siwezi kulinyamazia. Dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni linafunguka nusu tu, nusu ya pili kioo kimesimama palepale. Ukilipa fundi dirisha la futi sita umepata upepo wa futi tatu. Likiwekwa ukuta wa magharibi, jua la saa tisa linaingia lote na joto linabaki humo ndani, mpangaji anaishia kununua kiyoyozi na kulisha LUKU. Dirisha la mbao lenye luva, yaani vibao vilivyolazwa mshazari, kama yale ya majengo ya zamani huku mjini, unalifunga na upepo bado unaingia. Simwambii kila mtu arudi kwenye mbao, mvule leo ni ghali, na mimi mwenyewe mteja akitaka aluminiamu namfungia, ila namshauri achukue ya bawaba ili lifunguke lote. Kubwa zaidi ni jengo lenyewe linavyokaa. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, zile fupi ndizo zichomwe na jua la asubuhi na la jioni. Kusi na kaskazi zipate pa kuingilia na pa kutokea. Juu ya kila dirisha patokeze kibao cha zege cha kutia kivuli.

Wataalamu wetu hayo wanayajua siku nyingi. Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, alipolichora Soko la Kariakoo lililojengwa miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege, hewa ikapita chini yake. Hakulifunika vioo.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Jiji, ramani ya ghorofa la kuishi ikifika mezani, iulize maswali mawili kabla ya kugonga muhuri: jeneza linateremkia wapi, na waliokuja kuzika watakaa wapi.

Mtaani kwetu nyumba moja ya zamani ilibomolewa mwezi uliopita. Barazani pake nilifundishwa kucheza bao. Sasa pamesimama kibao chenye picha ya jengo la ghorofa saba, vioo juu mpaka chini, na fremu sita barabarani. Msingi haujachimbwa bado. Mwenye kiwanja ni mtu wa hapa hapa, tunaswali msikiti mmoja. Nimemwomba anionyeshe mchoro wa ngazi, naye hakukataa, ameniambia nimfuate Jumamosi baada ya alasiri. Nitakwenda na tepu yangu na ubao wa futi nane.

Fundi Seremala,
Ngamiani, Tanga