Usiisafishe picha yako ya kauboi kabla hujajua ilichorewa hadithi gani

Swali tunaloulizwa kuliko yote hapa kwetu Dallas, kwenye karakana ya kusafisha picha za zamani, ni moja: "Hii picha ina thamani gani?" Mteja kainunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu, au kaikuta kwenye gereji ya nyumba aliyohamia. Kauboi juu ya farasi, vumbi, bastola, na sahihi pembeni ambayo haisomeki vizuri. Wapo wanaoudhika na jibu letu, maana tunaanza kwa kuuliza na sisi: ilichorwa kwa ajili ya hadithi gani?

Nyingi ya picha hizi hazikuchorwa zitundikwe ukutani. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi miaka ya 1940 na kitu, majarida ya Marekani yalikuwa yakitoa hadithi za makauboi mfululizo, na hadithi ilitaka picha. Kampuni ya Street & Smith ya New York ilianzisha Western Story Magazine mwaka 1919, na haikuwa peke yake. Mhariri alimpa mchoraji hadithi, mchoraji akachagua tukio, akalichora kwa rangi za mafuta kwenye kitambaa kikubwa kuliko ukurasa, kisha jarida likaipiga picha na kuipunguza. Baada ya hapo, kwa macho ya ofisi, ile ya mafuta ilikuwa imemaliza kazi. Nyingine zilirudi kwa mchoraji, nyingine wakagawiwa watu, nyingi zikatupwa. Ndiyo maana mpaka leo zinaibuka magerejini.

Mfano tunaopenda kuwapa wateja ni wa picha iliyofika Ikulu. George W. Bush alipokuwa gavana wa hapa Texas aliazimwa na marafiki picha ya mpanda farasi asiye na kofia, anapanda kilima chenye mawe kwa kasi, na wenzake wanaonekana nyuma. Picha hiyo inajulikana kama A Charge to Keep, jina lenye asili katika wimbo wa Charles Wesley unaoimbwa na Wamethodisti. Bush aliipenda mno. Aliwaandikia wasaidizi wake kwamba yule mpanda farasi ni wao wenyewe, kitabu chake cha 1999 akakipa jina hilohilo, na alipochaguliwa kuwa rais akahama nayo hadi ofisini kwake Washington.

Mchoraji wake ni W.H.D. Koerner, mzaliwa wa Ujerumani aliyekulia Iowa. Aliichora kwa ajili ya hadithi iitwayo "The Slipper Tongue", iliyotoka katika Saturday Evening Post mwaka 1916. Na humo ndani, bwana yule anayekwea kilima ni mwizi wa farasi. Wale walio nyuma si wenzake, ni watu wanaomfukuza wamnyonge. Maelezo yaliyochapishwa chini ya picha yalisema kwamba lau angewatangulia kwa dakika 15 zaidi, asingekamatwa.

Jina lile la kiuchaji lilitoka wapi, basi? Saturday Evening Post na Country Gentleman yalikuwa majarida ya kampuni moja, Curtis ya Philadelphia. Mwaka 1918 Country Gentleman ikawa na hadithi nyingine kabisa iitwayo "A Charge to Keep", na badala ya kumlipa mchoraji upya wakaichukua picha ya mwizi wetu wakaibandika hapo. Jina la pili ndilo lililoganda. Hakuna aliyeghushi kitu. Picha moja imetumika zaidi ya mara moja, na aliyeshika ukurasa mmoja tu ameshika nusu ya habari.

Kwa hiyo mteja akituletea picha, hatuanzi na uso wake. Tunaigeuza. Huko nyuma, kwenye mbao zilizowambiwa kitambaa, ndiko kuna maneno: muhuri wa jarida, tarehe ya toleo, namba ya kazi, maelekezo ya penseli kwamba ipunguzwe hadi inchi kadhaa. Pembeni mwa rangi mara nyingine kuna mistari ya kuonyesha ukurasa utakatia wapi. Tumeona wenye picha wakiiondoa mistari hiyo wakidhani ni uchafu, na mafundi wa fremu wakitupa mbao za zamani ili waweke mpya zinazong'aa. Jamani, hizo mbao ndizo cheti cha kuzaliwa cha picha. Zikilegea, gonga taratibu kabari zake, vile vipande vidogo vya mbao vya kwenye kona, au tuachie sisi tuzigonge.

Mbele nako kuna mambo yanayowachanganya watu. Mmoja anatuambia picha yake "imepauka", yote ni kijivu na nyeusi. Haijapauka. Kurasa nyingi za ndani zilichapwa kwa wino mweusi tu, kwa hiyo mchoraji alichora kwa nyeusi na nyeupe tangu mwanzo; Frederic Remington mwenyewe, mchoraji maarufu wa makauboi, alichora nyingi za namna hiyo. Mwingine ana picha ya nyeusi, nyeupe na nyekundu bila rangi nyingine. Hiyo nayo ina sababu: majalada ya Saturday Evening Post yalikuwa yakichapwa kwa wino mweusi na mwekundu, na rangi kamili zilianza mwaka 1926. Na ile mbingu tupu inayochukua theluthi ya juu mara nyingi si uvivu. Hapo palikuwa pa kuweka jina la jarida. Tafadhali msituombe tuongeze mawingu.

Kuhusu kusafisha: viazi, mkate, kitunguu, vitambaa vya kufutia watoto, vyote tumevisikia, na vyote hatuvitaki. Wachoraji hawa walikimbizana na tarehe ya toleo, na mara nyingi walipaka rangi nyembamba. Ukisugua, uso wa kauboi unaondoka na pamba. Sisi tunaanza kwa kuiweka picha gizani chini ya taa ya urujuanimno. Vanishi ya zamani hung'aa kwa ukijani, na mahali palipoguswa na mkono wa baadaye pakaonekana kama madoa meusi. Hapo ndipo tunajua nini ni cha mchoraji na nini ni cha fundi wa juzi. Tukiangalia kwa kioo cha kukuza na kuona vidotidoti vilivyopangana badala ya nyayo za brashi, tunakuambia mapema kwamba ulichonacho ni nakala iliyochapwa, na hatukutozi kitu.

Wanaofanya kazi ya kutunza wazee, nanyi tuwaambie: babu akikupa picha ya ukutani kama zawadi, mjulishe mwajiri wako na watoto wa babu kabla hujaibeba, na upate maandishi. Kampuni nyingi haziruhusu zawadi kabisa. Sisi bila karatasi hatuipokei.

Na kama unawaza kuichapa kwenye fulana, kumiliki picha hakukupi haki ya kuinakili. Picha iliyochapishwa Marekani mwaka 1916 kama hiyo ya Koerner haki zake zimeshakwisha. Ya miaka ya 1940 inabidi tuitazame moja moja.

Anayetaka kujua picha halisi ya mchoraji wa majarida inafananaje, aende Amon Carter, makumbusho ya Fort Worth, kuingia ni bure. Wana "The Fall of the Cowboy" ya Remington, iliyochapishwa katika jarida la Harper's mwaka 1895. Simama karibu uangalie theluji ilivyopakwa.

Kabla ya kuja kwetu, tutumie picha nne za simu: mbele, nyuma yote, sahihi kwa karibu, na maandishi yoyote yaliyo kwenye mbao. Usiitoe kwenye fremu. Tukipata ukurasa ilimochapishwa, tutakupa nakala yake pamoja na ripoti, na bei ya kusafisha tutaongea tukishaiona mezani.